Maswali ya Wasomaji: Mtu Kwenye Ubao

Barua za safari hii nyingi zimetoka Kigoma na Tabora, na zinahusu kazi moja: kuchonga umbo la mtu kwenye ubao, kulipaka wino na kulipiga chapa kwenye karatasi. Tumezijibu tano.

Nimejifunza mwenyewe kuchonga picha kwenye plaiwudi. Nachonga wapagazi na akina mama wanaoanika dagaa Kibirizi. Miili inatoka vizuri, ila mikono inakuwa kama reki na nyuso zinafanana na vinyago. Nimesikia kuna wanawake wa Uholanzi wa zamani waliojifunza kwa kuhangaika wenyewe na chapa zao zinaangaliwa hadi leo. Wao mikono waliifanyaje? — Msomaji, Ujiji

Yapo majina mawili ya kukufaa, na mikono yako tutaifikia kupitia kwao.

Wa kwanza ni Anna Maria van Schurman. Alizaliwa Cologne mwaka 1607 na akaishi sehemu kubwa ya maisha yake Utrecht. Katika kitabu chake cha Kilatini kilichotoka 1673 anaeleza kwamba akiwa na miaka 6 alikuwa akikata maumbo ya karatasi bila kielelezo, na kwamba alipoanza kufinyanga sura kwa nta ilimbidi agundue mengi peke yake kwa kuwa hapakuwa na wa kumwelekeza. Kwenye shaba inaaminika alisaidiwa na Magdalena van de Passe, mwanamke wa ukoo wa wachongaji. Chuo Kikuu cha Utrecht kilipofunguliwa mwaka 1636, alisikiliza mihadhara akiwa amekaa kwenye kijumba chenye pazia ili wanafunzi wanaume wasimwone. Mwaka 1633 alichora sura yake mwenyewe kwenye bamba la shaba. Iangalie picha hiyo vizuri. Uso upo, nywele zipo, kola pana ipo, halafu mbele ya kiwiliwili kimewekwa kibao cha maandishi, pale pale ambapo mikono ingekaa. Picha haina mikono, na hakuna anayeitafuta.

Wa pili, Geertruydt Roghman wa Amsterdam, aliyezaliwa 1625, hakujifunza peke yake. Baba yake alikuwa mchongaji. Tunamtaja kwa sababu aliacha chapa tano za wanawake wakiwa kwenye kazi za nyumbani: anayesokota uzi, anayeshona, anayepika, anayekunja nguo, anayesugua vyombo. Huyo anayesugua vyombo ametupa mgongo. Uso wake hatuuoni kabisa, lakini namna mabega yalivyoinama na kiuno kilivyobeba uzito, unajua kazi gani inafanyika na kwamba imeanza muda mrefu. Mtu kwenye chapa anashikiliwa na mkao wake wa kazi. Uso na vidole vinafuata nyuma.

Sasa jihadhari na jambo moja, maana wengi wanaojifunza wenyewe wanapotelea hapa. Hao wawili walichonga shaba. Kwenye shaba, mfereji uliochongwa ndio unaobeba wino: bamba linapakwa, linafutwa juu, wino unabaki mferejini, kisha karatasi yenye unyevu inakandamizwa mpaka iunyonye. Kila mkato unakuwa mstari mweusi. Kwenye ubao ni kinyume chake. Rola inapaka wino sehemu iliyobaki juu, na kila mkato unatoka mweupe. Ukiiga mistari ya Roghman kwenye plaiwudi, itakubidi kwa kila mstari uache kigongo chembamba na kufukua pande zake zote mbili, na kigongo cha nusu milimita kwenye plaiwudi kinaweza kubanduka hata kabla hujafika nakala ya kumi. Chukua mkao wa wale wanawake, mistari yao iache kwenye shaba.

Hapo ndipo nyuso zako zinapogeuka vinyago. Unafukua uso wote na kuacha mistari ya macho, pua na mdomo. Uso unatoka mweupe mtupu wenye alama. Fanya kinyume: acha uso wote mweusi, kisha kata tu pale nuru inapogonga. Paji la uso upande mmoja, mfupa wa shavu, mgongo wa pua, ukingo wa mdomo wa chini. Mikato minne au mitano kwenye kichwa cha ukubwa wa kidole gumba inatosha. Ngozi nyeusi inachongeka vizuri mno kwa njia hii, kwa sababu ubao wenyewe umeshakupa rangi yake. Pale Kibirizi asubuhi jua linachomoza upande wa nchi kavu, kwa hiyo mama aliyeinama akielekea ziwani nuru inampata mgongoni na kisogoni, uso ukiwa kivulini. Usilazimishe kumwonyesha macho.

Tuje kwenye mikono, na tupige hesabu. Mtu mzima akisimama ni karibu vichwa saba na nusu. Ukimchonga kwa urefu wa sentimita 20, kichwa ni kama sentimita 2.7. Mkono kuanzia kifundo hadi ncha ya kidole ni sawa na uso kuanzia kidevu hadi nywele zinapoanzia, yaani sentimita 2 hivi, na upana wake hauzidi sentimita 1. Patasi ndogo ya V inakata mfereji wa karibu milimita 1. Ukitenganisha vidole vinne kwa mianya mitatu, umeshakula milimita 3, na kila kidole kimebakiwa na chini ya milimita 2. Ukiongeza kucha na viungo hakibaki kitu, ndiyo hiyo reki.

Chonga mkono kama umevaa glavu ya mtoto: vidole vinne bonge moja, dole gumba peke yake. Kisha weka mkato mmoja tu kutoka ncha za vidole hadi nusu ya bonge, basi. Mkono ukiwa umeshika gunia au beleshi, chonga kwanza ukingo wa kile kilichoshikwa, ndio utakaokuonyesha vidole viishie wapi. Na kabla hujagusa patasi, jaza umbo lote kwa wino mweusi kwenye karatasi, urefu wa sentimita 5, bila mstari wowote ndani. Mwonyeshe mtu ambaye hakukuona ukichora. Asipoweza kusema huyo mtu anafanya kazi gani, badilisha mkao. Mkato wa ndani hautamwokoa.

Nafundisha sanaa sekondari, kidato cha pili. Tabora mninga unapatikana, lakini wanafunzi wanashindwa kuukata. Tutumie mbao gani, na vifaa vya kuchongea tuvipate vipi bila bajeti? — Mwalimu, Tabora mjini

Mwalimu, mninga uacheni kwa maseremala wa milango na vitanda. Nyuzi zake hupishana, kwa hiyo patasi inayokwenda vizuri sentimita tatu inakamatwa ghafla na kung'oa kipande upande ambao hukuukusudia. Kwa wanaoanza, MDF (ubao wa kiwandani wa mbao iliyosagwa na kugandishwa kwa gundi) ya milimita 3 hadi 6 haina nyuzi na inakatika sawa kila upande. Ubaya wake ni mawili: vumbi lake halifai kuvutwa, kwa hiyo wachongee nje na kulifuta kwa kitambaa chenye unyevu badala ya kulipuliza, na ikiguswa na maji inavimba. Ipakeni vanishi iliyochanganywa na thina, sehemu moja kwa mbili, ikauke usiku mzima, ndipo wachore juu yake.

Plaiwudi ya milimita 4 inafaa kama safu yake ya juu haina matundu. Geuzeni ubao ili nyuzi ziende sambamba na urefu wa mtu anayechongwa, mistari mirefu ya mwili isikatize nyuzi. Pale inapolazimika kukatiza, kisu kitangulie kuchora mpaka, kisha patasi iingie kuelekea mpaka huo. Bila mpaka, gamba zima linanyanyuka. Kuta za mkato ziwe na mteremko kama kingo za tuta. Ukichimba kwa ndani chini ya mstari, ukingo unavunjika unaposuguliwa.

Shiti moja ya futi 4 kwa 8 inatoa vipande 48 vya sentimita 20 kwa 30, na nafasi ya msumeno inabaki.

Kuhusu patasi: mwavuli uliovunjika una njiti za chuma zenye mfereji kwa ndani. Kateni kipande cha sentimita 8, noeni ncha kwa nje kwenye jiwe kwa mteremko mdogo, kisha ndani kwa msasa namba 800 uliozungushiwa waya mwembamba. Ipigilieni kwenye kipini cha mti chenye urefu wa kiganja. Mnapata patasi ya mviringo ya milimita 2 hadi 3, inayofaa kwa mikato ya nuru. Inapoteza makali haraka, kwa hiyo kila mwanafunzi awe na kipande cha ngozi ya mkanda cha kunolea kila baada ya dakika kumi. Patasi butu ndiyo inayokata watu, kwa sababu mtu anaisukuma kwa nguvu na inateleza.

Na kila dawati liwe na ubao wa kuzuia: kipande cha mbao chenye ufito chini, unaoning'inia kwenye ukingo wa meza, na ufito mwingine juu upande wa pili, wa kuegemeza kazi. Mkono usiochonga ukae nyuma ya makali muda wote. Hilo msilegeze.

Nanunua wino wa bati wa mashine za chapa, mzito kama lami. Ili ulainike nautia mawese kidogo. Baada ya siku chache picha inazungukwa na doa la manjano, na hata baada ya wiki mbili wino bado unachafua vidole. Nifanyeje? — Msomaji, Mwandiga

Wino wa mafuta haukauki kama nguo kwenye kamba. Hakuna maji yanayotoka. Mafuta yaliyomo yanashikana na oksijeni ya hewani na kugeuka utando mgumu, na si kila mafuta yanaweza. Wataalamu wanapima uwezo huo kwa gramu za iodini ambazo gramu 100 za mafuta zinaweza kuchukua: ya kitani yako kati ya 170 na 200, ya alizeti 120 hadi 140, mawese karibu 50 tu. Kwa hiyo mawese yako hayakauki wiki hii wala mwakani. Yanabaki mafuta, na kwa kuwa karatasi ni kama utambi, yanatembea nje ya wino mpaka yachoke. Hilo ndilo doa lako, na rangi yake ya manjano ni ya mawese yenyewe.

Nakala zilizoharibika hazitibiki, tenga. Ubao unaweza kupona: ufute kwa kitambaa kikavu, kisha piga nakala nne au tano kwenye magazeti kwa wino safi usio na kitu, mpaka doa lisionekane tena kesho yake.

Wino mzito mara nyingi hauhitaji mafuta yoyote, unahitaji kukandwa. Weka nusu kijiko cha chai kwenye kioo na uukande kwa kisu kipana dakika tano, ukiukunja na kuutandaza. Utaona unaanza kung'aa na kuvutika. Asubuhi za baridi za Juni na Julai, acha bati juani nusu saa kwanza. Ukikataa kabisa, tia tone moja la mafuta ya kitani yaliyochemshwa, yanayouzwa kwenye maduka ya rangi, kwa kila kijiko cha chai cha wino. Tone moja, halafu kanda tena ndipo uamue la pili.

Tahadhari, na hii tunaisisitiza: vitambaa vyenye mafuta ya kitani usivikunje na kuvitupa kwenye ndoo. Yanapokauka yanatoa joto, na kitambaa kilichofinyangwa kinaweza kuwaka chenyewe. Vitandaze nje kimoja kimoja, au viloweke kwenye maji.

Rola ipite huku na huku juu ya kioo mpaka usikie sauti. Wino wa kutosha unanong'ona, kama mchanga mkavu unaomwagika. Ukisikia unalia chapu-chapu kama kandambili kwenye tope, umezidi, na mikato yako myembamba yote itazibwa. Punguza kwa kuviringisha rola kwenye gazeti.

Mawese nayo usiyatupe, kazi yake ipo: kusafishia. Mafuta ya taa yanavimbisha rola ya mpira na kuipasua baada ya muda. Kijiko cha mawese kwenye kioo na rola kinalegeza wino wote, futa kwa gazeti, malizia kwa sabuni na maji ya uvuguvugu. Kwenye ubao wenyewe usiyapake, yataingia kwenye mbao na kukurudishia doa lile lile.

Shule imeniomba chapa ndogo ya kubandika ndani ya vitabu vya maktaba: mtoto anasoma, na jina la shule chini. Jina linatoka kinyume kila nikijaribu. Pia nimekuta jina la Fré Cohen likitajwa kwenye kazi hizi. Alikuwa nani, na ni kweli hakusomea? — Msomaji, Urambo

Ni kweli nusu. Fré Cohen alizaliwa Amsterdam tarehe 11 Agosti 1903, katika familia ya Kiyahudi, baba akiwa mfanyakazi wa almasi. Alianza kuchora bila shule ya sanaa, akatengeneza matangazo, majalada na programu za sherehe za umoja wa vijana wa wafanyakazi uliojulikana kama AJC. Alipoona mapengo yake akaingia chuo cha sanaa za ufundi hapo hapo Amsterdam, na akafanya kazi pia katika kiwanda cha uchapaji cha jiji. Vibandiko vya vitabu kama hicho chako alivitengeneza vingi. Wajerumani waliivamia Uholanzi Mei 1940, na Wayahudi wakaanza kuwindwa. Cohen aliishi mafichoni mpaka alipokamatwa Juni 1943. Alikunywa sumu, akafa tarehe 14 mwezi huo akiwa na miaka 39.

Ukiangalia kazi zake, herufi na mtu vinabeba picha kwa pamoja. Mstari wa herufi unakuwa sakafu anayosimamia mtu, au ukuta wa pembeni. Wewe uliyeomba jina likae chini, mfanye huyo mtoto aketi juu ya utepe wa jina, kitabu magotini, kichwa kimeinama. Kichwa kikiinama unaokoka na uso pia.

Kipimo cha sentimita 6 kwa 8 kinatosha. Tumia lino ya kuchongea (shiti laini la linoleamu, lisilo na nyuzi) badala ya mbao kwa herufi ndogo. Kapeti la plastiki la dukani lililo jembamba lina sponji chini, linachanika. Utepe uwe mweusi na herufi zikatwe ndani yake, zitoke nyeupe. Kuacha herufi zisimame na kufukua pembeni ni kazi mara tatu na zinavunjika. Urefu wa herufi usiwe chini ya milimita 6, herufi kubwa tupu, na acha milimita 3 kati yake na ukingo.

Kugeuza hakuhitaji akili nyingi. Andika jina kawaida kwa penseli laini, 4B au zaidi, kwenye karatasi nyembamba. Laza karatasi kifudifudi juu ya lino, sugua mgongo wake kwa kijiko. Penseli inahamia ikiwa imeshageuka. Wanaokosea ni wale wanaoona herufi "zimekaa vibaya" na kuzirekebisha kwa kisu, hasa N, S na Z. Shika kioo mbele ya lino kabla ya kukata: jina likisomeka kiooni, liko sawa.

Nataka kuchonga wavuvi wa dagaa usiku, wakiwa na taa. Nianzie wapi? — Msomaji, Katonga

Anza na ubao ambao haujakatwa. Upake wino, upige chapa: huo ndio usiku wa ziwani, umeshaupata. Kazi yako ni kuongeza nuru kidogo kidogo.

Kata taa kwanza. Hiyo peke yake iwe nyeupe kabisa, na ukubwa wake usizidi punje ya mahindi kwenye ubao wa sentimita 20 kwa 30. Taa ya dagaa inakaa chini, karibu na maji, kwa hiyo nuru inapanda: inagonga chini ya kidevu, tundu za pua, chini ya nyusi, ndani ya mkono ulioinua wavu, na ukingo wa mtumbwi. Paji la uso na mabega vibaki gizani. Ukikata mabega kwa mazoea, mtu anaonekana amesimama mchana. Kwenye maji weka mikato mifupi ya kulala, mingi na minene karibu na taa, ikikonda na kuachana kadiri inavyokwenda mbali. Baada ya kila mikato ishirini hivi piga nakala ya kuangalia, maana mbao ikitoka haikubali kurudi. Mkato uliokosewa unaweza kuuziba kwa unga wa msumeno na gundi ya mbao, uache siku nzima, kisha usugue kwa msasa mpaka uwe sawa na uso wa ubao.

Tatizo utakalolikuta ni weusi wenye madoa meupe kama pilipili manga. Eneo kubwa la weusi linataka rola ipite mara mbili, kwa urefu kisha kwa upana. Tumia karatasi ya gramu 80 au nyembamba zaidi, na usugue mgongo wake kwa mwiko laini kwa miviringo midogo kuanzia katikati kwenda pembeni. Usibandue yote. Shika pande tatu, inua kona moja uangalie. Ukiona madoa, paka wino kidogo kwenye sehemu hiyo tu, rudisha kona taratibu, sugua tena.